Tezi ya Shingo na Ushahidi wa Damu

Katika maneno ambayo watu huwatupia wenzao bila kuyapima, neno uvivu halikosi kuwa la mbele. Ni jepesi kulitamka, lakini ni zito kulibeba. Mtu aliyechelewa kuamka huitwa mvivu. Mwanafunzi asinziaye darasani huitwa mvivu. Mama ambaye shamba lake limeota magugu huitwa mvivu. Hukumu hii hutolewa kwa jicho tu, na jicho ni hakimu mwepesi wa kuhukumu na mgumu wa kusikiliza. Sikusudii, msomaji, kukuambia kuwa uvivu haupo duniani. Upo, na kila mmoja wetu amepata kuuonja. Nakusudia kukuonyesha kuwa uko uzito mwingine wa mwili unaofanana na uvivu kwa sura, lakini si uvivu hata kidogo. Na kwamba tofauti ya mambo hayo mawili aghalabu haionekani kwa jicho, bali hupatikana katika damu kidogo isiyozidi kijiko kimoja cha chai.

Shika shingo yako kwa mbele, chini kidogo ya kikoromeo, kisha umeze mate. Hapo ndipo ilipo tezi iitwayo thairoidi. Imekumbatia njia ya pumzi kwa mbawa mbili, mfano wa kipepeo aliyetua juu ya shina la mti. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 hivi, nao ni uzito mdogo kuliko wa yai la kuku. Walakini hakuna kiungo cha mwili kisichoitegemea. Kazi yake ni kuchukua madini ya iodini kutoka katika damu na kuyageuza kuwa homoni, yaani maji ya amri yanayotumwa na tezi kwenda sehemu nyingine za mwili. Homoni yake kubwa huitwa thairoksini. Wataalamu huiandika T4, kwa sababu kila molekuli yake ina atomu 4 za iodini. Mwili ukiitaka kazini huing'oa atomu moja, ikabaki homoni yenye atomu 3, iitwayo T3. Na hii ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi ndani ya seli.

Kazi yenyewe ni ipi? Ni kuuamuru mwili uchome chakula kwa kasi gani. Homoni hizi zikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, na mtu hukonda hali anakula. Zikipungua, kila jambo hupoa na kwenda polepole. Mgonjwa huhisi baridi wakati wenzake wanatoka jasho. Moyo hupiga kwa uvivu. Ngozi hukauka, nywele hukatika, choo hufunga, sauti hukwaruza, uso huvimba, uzito huongezeka, kumbukumbu hudhoofika, na huzuni isiyo na msiba huingia moyoni. Mambo haya hayaji kwa siku moja. Huja kwa miezi na miaka, kama kutu iingiavyo katika jembe, hata mwenyewe asijue siku aliyoanza kuugua.

Wazee wa utabibu waliuona ugonjwa huu kabla ya kuujua asili yake. Mwaka 1873, huko London, daktari William Gull aliwaeleza wenzake habari za wanawake watu wazima waliokuwa wamepooza akili na kuvimba uso pasipo sababu iliyofahamika. Miaka 10 baadaye, mwaka 1883, mpasuaji Theodor Kocher wa Uswisi alitangaza jambo la kusikitisha. Wagonjwa kadhaa aliowakata tezi yote ya shingo kwa sababu ya uvimbe wa rovu walipona kidonda, lakini wakageuka kuwa wazito wa mwili na akili. Ndipo watu walipoanza kufahamu kwamba kiungo kilichodhaniwa kuwa si kitu kilikuwa nguzo. Mwaka 1891, daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama mmoja wa miaka 46 maji yaliyotengenezwa kwa tezi ya kondoo. Mama yule, ambaye alikuwa kama mtu aliyelala hali yu macho, akaamka. Aliendelea kutumia dawa ya tezi ya kondoo maisha yake yote, akaishi miaka 28 zaidi. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1914, mtaalamu Edward Kendall wa Marekani alifaulu kuitenga thairoksini yenyewe ikiwa safi. Tangu hapo dawa ilikuwa na jina. Kilichobaki kikiwa kigumu ni kumtambua anayeihitaji.

Ugumu huo si habari ya vitabu kwangu. Niliuona katika jamaa yangu mwenyewe.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikaa katika milima ya Taita. Alikuwa mkulima wa mboga na mfanyabiashara wa soko, mwanamke ambaye sauti yake ilipokuwa nzima iliweza kuwaita watoto kutoka mgongo wa pili wa mlima. Alipofika miaka 43 alianza kubadilika. Siku za soko zikampita. Akawa anavaa sweta mbili saa sita ya mchana. Sauti ile kubwa ikawa nzito na ya kukwaruza, kama ya mtu aliyetoka usingizini. Uso wake ulipojaa, wajinga walisema amenenepa kwa raha. Magugu yalipojaa shambani, wifi zake walisema amenenepa kwa uvivu. Hakujibu. Nadhani lililomuumiza zaidi si maneno yao, bali ni kwamba yeye mwenyewe alikwisha kuanza kuyasadiki. Alipata kuniambia, "Mwanangu, mimi sijui nguvu zangu nimeziuza wapi."

Alikwenda kutafuta matibabu mara nyingi. Mahali pamoja alipewa dawa ya kuongeza damu. Mahali pengine aliambiwa kuwa ana mawazo, apumzike. Hapakuwa na uongo katika maneno hayo, kwa kuwa damu yake ilikuwa imepungua kweli na mawazo alikuwa nayo; lakini yalikuwa matawi, na shina halikuguswa. Hali hiyo iliendelea kwa miaka miwili. Mwaka 2016 nilifuatana naye kwa daktari kijana ambaye hakuwa na haraka. Alimsikiliza, akamshika shingo na kumtaka ameze mate, akahesabu mapigo ya moyo. Kisha akampigisha magoti juu ya kiti, akagonga mshipa wa nyuma ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Unyayo uliruka kama uliavyo wa mtu yeyote, lakini ulirudi mahali pake polepole mno, mithili ya mlango mzito unaojifunga wenyewe. Daktari akaugonga tena, akatazama, akanyamaza. Halafu akaandika karatasi ya maabara.

"Mama," alimwambia, "nadhani nalijua jambo hili, lakini dhana si ushahidi. Tuiulize damu kwanza."

Maneno hayo yalinikaa akilini. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Uchovu ni dalili ya tezi dhaifu. Vile vile ni dalili ya upungufu wa damu, ya kisukari, ya huzuni, ya mimba, ya njaa na ya kazi nyingi. Daktari mwema hutazama mawingu, kisha huenda kupima mvua. Na ili ufahamu vipimo vyenyewe, msomaji, yafaa kwanza ujue jinsi mwili unavyojitawala.

Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya njegere, iitwayo pituitari. Ifikirie kuwa ni msimamizi wa shamba, na thairoidi kuwa ni mfanyakazi. Msimamizi huonja damu ipitayo mbele yake wakati wote, apate kujua kama thairoksini inatosha. Ikipungua, humpigia mfanyakazi kelele, ikizidi, hunyamaza. Kelele yake ni homoni iitwayo TSH, yaani homoni ya kuichochea thairoidi. Mfanyakazi akiwa mzima, sauti ndogo humtosha. Akianza kudhoofika, msimamizi huongeza sauti. Akidhoofika zaidi, sauti hupanda mara dufu, kisha mara kumi, kisha zaidi ya hapo. Maana pituitari ni kali, na upungufu mdogo wa thairoksini huipandisha TSH mara nyingi sana.

Hapa ndipo lilipo fumbo ambalo huwatatiza wengi. Mgonjwa husoma karatasi yake, akaona TSH iko juu, akadhani tezi yake inafanya kazi kupita kiasi. Mambo ni kinyume. TSH haitoki katika thairoidi. Hutoka kwa msimamizi. Ukisikia nyapara anapiga kelele shambani tangu asubuhi, usiseme kazi inakwenda vizuri. Kelele nyingi ni ushahidi wa kazi kidogo. Basi TSH iliyo juu huonyesha tezi iliyolegea, na TSH iliyo chini sana, aghalabu, huonyesha tezi iliyopita kiasi.

Kipimo cha pili ni cha thairoksini yenyewe. Hapa tena pana jambo la kuangalia. Karibu thairoksini yote iliyo katika damu imebebwa na protini, mfano wa abiria walio ndani ya gari. Nayo haiwezi kufanya kazi mpaka ishuke. Iliyo huru ni kidogo, haifikii sehemu moja katika elfu. Mimba na baadhi ya dawa huongeza magari hayo ya protini, hata jumla ya thairoksini ikaonekana kubwa hali iliyo huru haikuongezeka. Kwa sababu hiyo madaktari wa siku hizi hupendelea kupima ile iliyo huru, nao huiandika T4 huru.

Nilipata nafasi ya kumwuliza mtaalamu wa maabara jinsi anavyoweza kupima kitu kidogo namna hiyo. Tafakari udogo wenyewe: ukigawanya gramu moja sehemu bilioni moja, lita nzima ya maji ya damu ya mtu mzima wa afya ina sehemu kama 12 tu za thairoksini huru. Hakuna mizani ya dunia iwezayo kuzipima kwa uzito. Zamani waganga walikuwa wakipima kwa kuzunguka. Walimlaza mgonjwa na kupima hewa ya oksijeni aliyoitumia, wapate kukisia kasi ya moto wa mwili wake. Au walipima iodini iliyoshikamana na protini za damu. Njia hizo zilikuwa na msaada, lakini zilikosea mara nyingi.

Mlango ulifunguliwa na Rosalyn Yalow na Solomon Berson, waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali moja ya Bronx, New York. Kati ya mwaka 1959 na 1960 walitangaza njia ya kupima homoni ya insulini kwa kutumia kingamwili, zile askari za damu ambazo kila moja hujua kumshika adui mmoja tu. Kingamwili ikifundishwa kuishika homoni fulani, huitafuta kati ya vitu chungu nzima na kuishika hiyo peke yake, kama mama atambuavyo kilio cha mwanawe sokoni. Mabwana na mabibi wa elimu walioifuata njia hiyo waliielekeza kwa TSH katika miaka ya 1960. Berson alifariki mwaka 1972. Yalow alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1977, akiwa mwanamke wa pili kuipata katika elimu ya utabibu. Ingefaa msichana asomaye kurasa hizi akumbuke kuwa Yalow alianza elimu yake ya juu zama ambazo vyuo vilisita kumpokea mwanamke katika fizikia.

Leo kazi hiyo hufanywa na mashine. Damu huachwa igande, kisha huzungushwa kwa kasi mpaka chembe zizame na maji yake, yaitwayo seramu, yabaki juu. Ndani ya kijichupa huwekwa kingamwili ya kwanza inayoinasa TSH, na ya pili inayoishika upande wa pili ikiwa na alama ya kutoa mwanga. Kisichonaswa huoshwa na kumwagwa. TSH ikiwa nyingi, mwanga huwa mwingi; ikiwa kidogo, mwanga huwa kidogo. Mashine huulinganisha mwanga huo na mwanga wa sampuli ambazo kiasi chake kinajulikana, ndipo inapotoa tarakimu. Na kila siku, kabla ya kupima damu za watu, mtaalamu hupima kwanza sampuli za kujaribia, apate kuhakikisha kuwa mashine husema kweli. Shahidi naye huapishwa kabla ya kutoa ushahidi.

Majibu ya shangazi yalikuja siku ya tatu. TSH ilikuwa 74, na mipaka iliyoandikwa kando yake ilikuwa 0.4 mpaka 4.0, kwa miliuniti katika lita. T4 huru ilikuwa 3, na mipaka yake 10 mpaka 22, kwa pikomoli katika lita. Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa waweza kuisoma karatasi hiyo mwenyewe. Msimamizi alikuwa anapiga kelele za kupasua koo, na kazi ilikuwa karibu imekoma. Kipimo cha tatu kilionyesha kingamwili nyingi zinazoishambulia thairoidi yake mwenyewe. Ugonjwa ambao daktari Hakaru Hashimoto wa Japani aliueleza mwaka 1912, na ambao una jina lake hata leo. Askari wa mwili walikuwa wameugeukia mji waliowekwa kuulinda. Kikulacho ki nguoni mwako.

Daktari alimwekea karatasi mbele, akamwonyesha tarakimu kwa kalamu. "Mama, wewe si mvivu," alisema. "Umekuwa ukipanda mlima bila moto ndani." Shangazi aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, ijapokuwa sidhani kama alisoma tarakimu hata moja. Aliikunja, akaitia kifuani.

Alipewa vidonge vya thairoksini, ameze kimoja kila asubuhi kwa maji matupu, nusu saa nzima kabla ya chai, kwa sababu chakula hukizuia kidonge kupenya. Aliambiwa arudi kupimwa baada ya wiki 6. Aliuliza kwa nini asirudi wiki ijayo. Jibu lafaa kukumbukwa: thairoksini hukaa katika damu siku nyingi, na msimamizi aliyezoea kupiga kelele hanyamazi mara moja, ukipima mapema utapata habari za jana. Dozi iliongezwa mara mbili, na miezi ilipopita TSH ilishuka mpaka ndani ya mipaka. Sweta zilirudi sandukuni. Magugu yalitoka shambani. Wifi yake mmoja alikuja na kikapu cha maharagwe bila kusema neno la msamaha. Shangazi alikipokea bila kuliuliza.

Sasa, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya jamaa, nami nilikwenda kupimwa. TSH yangu ilikuwa 5.8, na T4 huru ilikuwa katikati ya mipaka yake. Niliona tarakimu imeandikwa kwa wino mzito, na moyo ukanidunda, maana picha ya shangazi ilikuwa mbele ya macho yangu. Daktari alinieleza jambo ambalo nakukabidhi wewe bila kulipunguza. Mipaka ile haikushuka kutoka mbinguni. Huwekwa kwa kupima watu wengi wazima wa afya, kisha kuchukua wale 95 walio kati katika kila 100 na kuwaacha wachache wa mwisho wa juu na wa mwisho wa chini. Kwa hiyo, kwa namna mipaka ilivyowekwa, watu 5 katika kila 100 wasio na ugonjwa wowote watajikuta nje yake. Tena TSH haikai mahali pamoja: hupanda usiku na kushuka mchana. Msimamizi akipaza sauti kidogo hali kazi bado inakamilika, huo waweza kuwa mwanzo wa ugonjwa, na waweza kuwa upepo wa kupita. Mtu hupimwa tena baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kuhukumiwa. Nilipimwa tena baada ya miezi mitatu. Hesabu ilikuwa 3.1. Sikupewa dawa, wala sikuihitaji.

Tazama basi hukumu nne zinazoweza kutoka katika vipimo hivi viwili. TSH ikiwa juu na T4 huru chini, thairoidi imelegea. TSH ikiwa juu kidogo na T4 huru ikiwa sawa, mambo yangojewe na yapimwe tena. TSH ikiwa chini na T4 huru juu, thairoidi imepita kiasi. Na zote mbili zikiwa chini, au TSH ikionekana ya kawaida hali T4 huru iko chini, hapo huenda mfanyakazi hana kosa. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyeugua. Mwanamke aliyevuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua aweza kupatwa na hali hiyo, pituitari yake ikafa kwa kukosa damu. Huyo akipimwa TSH peke yake ataambiwa yu mzima, naye anazama. Ndiyo maana tarakimu moja bila habari za mgonjwa ni kama ushahidi wa shahidi aliyeona nusu ya tukio.

Yako na mengine ya kuwapotosha mashahidi. Mtu aliyelazwa kwa ugonjwa mkali hupata hesabu za ajabu ambazo hurudi zenyewe apatapo nafuu. Mama mjamzito ana mipaka yake, ambayo si ya watu wote. Vidonge vya bayotini, ambavyo siku hizi huuzwa kwa ajili ya kurembesha nywele na kucha, huweza kuiharibu kazi ya baadhi ya mashine, TSH ikasomeka chini kuliko ilivyo. Kwa hiyo mwambie daktari kila kitu unachomeza, hata kile unachodhani si dawa.

Mwisho, usidhani habari hizi ni za watu wachache. Pasipo iodini hakuna thairoksini. Mtu mzima ahitaji maikrogramu 150 kwa siku, kiasi ambacho kikijumlishwa kwa miaka 70 hakijazi kijiko cha chai. Lakini kikikosekana, tezi huvimba kwa kujitahidi, na mtoto aliye tumboni huweza kuzaliwa na akili iliyopunguzwa daima. Rovu lilikuwa la kawaida katika nchi za milima, Kenya ikiwamo, kwa kuwa mvua huiosha iodini kutoka ardhini. Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922. Kenya iliifanya kuwa sheria mwaka 1978. Chumvi inayokaushwa kwa jua huko Gongoni na Marereni, katika pwani yetu, hutiwa iodini kabla ya kufika mezani pako. Na katika nchi nyingi, tangu miaka ya 1970, matone machache ya damu hutolewa katika kisigino cha mtoto mchanga, apate kugunduliwa yule mmoja katika maelfu aliyezaliwa na tezi dhaifu. Akipewa thairoksini katika wiki mbili za kwanza, akili yake huokoka. Akicheleweshwa mwaka, hakuna tajiri wa kuinunua tena.

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee. Nami naongeza kuwa mwenye kumdhihaki mgonjwa humsaidia kuyaficha. Ukimwona mwenzako amepunguza mwendo, mwalimu wako amebadilika sauti, au mama yako anajifunika mchana wa jua, usikimbilie neno uvivu. Wala usikimbilie kumtangaza kuwa ana tezi, kwani huko nako ni kuhukumu kwa jicho. Mwulize hali yake, mwambie akapimwe, na ukiweza fuatana naye. Elimu uipatayo darasani juu ya atomu, lita na sehemu za mia haikuwekwa kwa ajili ya mtihani peke yake. Iko siku jamaa yako atashika karatasi yenye tarakimu asizozielewa, na wewe ndiwe utakayetakiwa kukaa kando yake na kuisoma kwa haki.